Shemeji wa Nahodha

"Mzigo ni wangu au si wangu?"

"Kwani nimesema si wako?"

"Basi nipe."

"Nitakupa. Ngoja nimalize kichwa hiki."

"Dada, hicho kichwa umekishika tangu Jumatano?"

Kichwa chenyewe, nusu kimesukwa na nusu nywele zimesimama kama zilizopokea habari mbaya, kiligeuka kidogo kitini. "Mimi msinitie kwenye yenu," kikasema. "Mimi nimeingia asubuhi hii, tena sijanywa hata chai."

Mlango wa saluni ulikuwa wazi, kwa hiyo ugomvi ulikuwa mali ya umma. Katika jengo lile ukipiga chafya chini, wa ghorofa ya tatu ndiye anayekuambia pole. Mama wa chumba cha pembeni alikuwa ameshatoka koridoni na beseni, anakunja upya shuka ambayo ilikuwa imekunjwa vizuri tu. Wawili wengine walikaa kwenye ngazi bila hata kutafuta kisingizio.

Aliyesimama mlangoni ni fundi friji, jirani wa ukuta mmoja, mwanamume wa mabega ya kubebea kompresa. Mgongoni mwa ovaroli yake kumeandikwa SHEMEJI FRIJI NA VIYOYOZI, jina la karakana yake, na jina hilo lilimletea wateja na balaa kwa pamoja, maana hakuna aliyeingia mle bila kuanza na "shemeji, nipunguzie."

Aliyeshika kitana ni msusi. Saluni ilikuwa chumba chake cha mbele, na jengo zima, tangu akiwa msichana, lilimwita Mkalimani. Jina hilo ndilo lililokuwa likimchoma siku ile.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "kasha lilikuja limelowa. Nililiweka pembeni likauke."

"Limelowa na nini? Wiki nzima mvua haijanyesha."

"Mambo ya njiani huko, mimi ntajuaje?"

"Liko wapi?"

Mteja, ambaye shingo ilikuwa imeshaanza kumuuma kwa kuinama, alinyoosha kidole bila kugeuka. "Nyuma ya draya," akasema. "Chini ya taulo. Samahani, shoga yangu, lakini kila ukidanganya unavuta, na nywele ni zangu."

Koridoni kikapita kicheko. Fundi aliingia kwa hatua mbili, akafunua taulo, akalibeba kasha lake kama mtu aliyempata mtoto wake sokoni. Halikuwa na hata tone la maji.

"Saa nane," akasema, hasira imeshamwisha, maana hasira zake zilikuwa hazilali. "Nimewaambia wote. Na kiti cha mbele ni chako, kama zamani. Mkalimani hakai nyuma."

"Nina kichwa cha mtu, mdogo wangu."

"Kichwa hakiishi mpaka saa nane?"

"Hiki," akasema msusi, "ni kigumu."

"Asante," akasema mteja.

Mambo yalianza na mjomba wake msusi, miaka ile. Ofisini kwao walikuwa wanatupa kompyuta za zamani, naye mjomba, ambaye hakuwahi kupita penye kitu cha bure akanyamaza, akaja nayo moja nyumbani. Spika zilikuwa zimekufa. Ndani yake mtu wa ofisini alikuwa amesahau gemu. Gemu lilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyeliweza, wakaliita Nahodha, kwa sababu lilimhusu nahodha wa chombo cha angani anayetoka sayari hadi sayari, anazungumza na viumbe, anaokota vitu, anafumbua mafumbo. Pembeni yake daima kulikuwa na roboti mfupi mwenye miguu kama ya kuku. Kila walipokutana na mtu, maneno yalijitokeza chini ya skrini, na aliyekuwa amefika mbali shuleni kuliko wote pale sebuleni ni yeye msusi. Wengine walikuwa wadogo, hata pua hawajui kupenga. Kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yake.

Sasa Kiingereza chake kilikuwa cha kuruka madimbwi. Neno moja analikanyaga, matatu anayapita juu. Lakini watoto walikuwa wamejaa sebule nzima hadi juu ya mikono ya makochi, na fundi, mdogo kuliko wengi lakini mwenye mkono mtulivu, ndiye aliyeshika mausi. Wote walimtazama yeye.

"Huyo roboti anaitwa nani?"

Kifuani mwa roboti palikuwa na herufi nne: S, H, M, J. Msichana akazitazama, zikamtazama.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji wa nani?"

"Wa nahodha."

"Kumbe nahodha kaoa?"

"Kaoa, ndiyo."

"Mkewe yuko wapi?"

Hapo maji yalikuwa yameshamwagika. "Wamegombana," akasema. "Kakimbilia kwao. Nahodha anakwenda kumfuata, na shemeji yake katumwa amtazame njiani kama ni mtu wa maana au ni mhuni."

Ikawa hivyo. Mwezi mzima jengo lile halikuzungumza jingine. Wazee nao wakaanza kuja, mmoja anasingizia kuazima chumvi, mwingine anasingizia kurudisha chumvi. Kila kiumbe wa sayari alikuwa na ukoo. Yule mwenye macho manne alikuwa mjomba wa mke, hakuhudhuria harusi na bado ana kinyongo. Lile jiwe linalosema lilikuwa shangazi, na alikuwa na mengi ya kusema.

Mwishoni wakafika mlango mkubwa wa chuma katika sayari ya mwisho, wakakwama. Siku nyingi walikwama. Walibofya kila kitu. Maneno chini yalikuwa marefu, na msichana hakuyajua hata moja, madimbwi matupu. Mwishowe akapandwa na hasira za mtu aliyekosa la kusema.

"Hivi nyinyi mmelelewa wapi? Mtu anaingia ukweni na silaha begani? Mwambieni aiweke chini! Na viatu avue!"

Fundi akaiweka silaha chini. Mlango ukafunguka.

Kelele zilizopigwa siku ile, mpaka polisi wa doria alisimama barabarani kuuliza kama kuna msiba au harusi. Viatu havikuonekana kama vimevuliwa, lakini Mkalimani alieleza kwamba picha haikuonyesha miguu. Ukatokea mwanga mweupe skrini nzima, na mstari mmoja wa maneno. Watoto wakamgeukia Mkalimani. Akausoma: "Mama mkwe anasema, mbona mmesimama nje kama mnadai? Ingieni, chakula kinapoa." Kisha yakapita majina ya waliotengeneza gemu, nao wakapiga makofi mpaka jina la mwisho. Baada ya siku chache kompyuta ikaungua, na haikuwashwa tena.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu na kupita. Kilichomfanya msusi afiche kasha chini ya taulo ni mambo ya mwaka jana.

Mwaka jana mke wa fundi alikusanya nguo zake akaenda kwao. Sababu jengo zima lilikuwa nayo, tena kwa namna nne tofauti. Ya kweli ni kwamba fundi alikuwa anarudi nyumbani kulala tu. Friji za watu zilimjua kuliko mkewe. Kila mtu alimpa ushauri. Mmoja alisema mwache atachoka, mwingine alisema tuma wazee. Fundi hakumsikiliza yeyote. Siku moja alitoka kazini moja kwa moja, na ovaroli yake na begi la spana, akaenda ukweni. Alirudi na mke. Wakamuuliza kwenye ngazi amefanyaje, akajibu bila aibu: "Nilifanya kama nahodha."

Msusi alivimba kichwa wiki nzima. Kisha akaanza kukosa usingizi. Mtu mzima, mwenye karakana, kaendesha ndoa yake kwa kitu alichokibuni yeye sebuleni kwa mjomba, kwa sababu hakutaka watoto wajue hajui kusoma herufi nne.

Na Jumatano mleta mizigo alipogonga, fundi yuko kazini na mkewe hayupo, msusi akapokea kama anavyopokea mizigo ya jengo zima. Hili ndilo toleo la kumbukumbu ambalo fundi alikuwa akilitangaza kwa miezi: gemu lilelile, limechorwa upya, ndani ya kasha la bati, na ramani ya kitambaa, kitabu cha picha, na sanamu ndogo ya roboti. Msusi alimwona Shemeji kupitia kidirisha cha plastiki, akatabasamu. Akaligeuza kasha. Kwa nyuma waliorodhesha lugha ambazo gemu lilikuwa limetafsiriwa. Ya mwisho kabisa chini: Kiswahili.

Akachukua taulo, akalifunika kasha.

Saa nane ilipofika, kile kichwa kigumu kilikuwa kimebaki robo. Kwa upande wa pili wa ukuta viti viliburutwa, watu wakasalimiana, sauti ya mwanamke mzee ikauliza kama hilo televisheni linakula umeme. Huyo alikuwa mama mkwe wa fundi, aliyekuja tangu Alhamisi kumwangalia binti yake.

"Si uende?" akasema mteja. "Mimi ningekwenda hata hivi nilivyo."

"Kaa utulie."

Ukuta ule ulikuwa mwembamba kama siri ya mlevi. Muziki ukaanza. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwao, nahodha akasema kwa sauti yake mwenyewe, na ilikuwa sauti nyembamba, ya kijana.

"Nahodha ana mafua?" akauliza mtu.

"Ngoja, Shemeji naye anasema."

Shemeji akasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko.

"Shemeji ni shemeji tu, hata akiwa mwanamke," msusi akanong'ona kwenye kisogo cha mteja. "Basi ni dada wa mke."

"Unasema na nani?"

"Na nywele zako."

Kisha mama wa beseni, ambaye alipenda kusoma kwa sauti kila kitu hata vibandiko vya dawa, akaanza kuyasoma maandishi ya chini. "Mashine ya uchunguzi, aina ya S, H, M, J. Tumepokea mawimbi kutoka chanzo kisichojulikana. Lengo: kutafuta chanzo." Akauliza, "Mbona mke hajatajwa?"

"Atatajwa mbele," akasema fundi.

Hakutajwa mbele. Mwenye macho manne alikuja, akazungumzia madini. Jiwe likasema mambo ya hali ya hewa. Kila mara mtu alikuwa akiuliza, "Huyu si ndiye mjomba?" na fundi alijibu, "Subirini," na kila mara jibu lake lilikuwa fupi zaidi. Vicheko vilipungua. Fundi alilikumbuka gemu kwa mikono, alipita mafumbo yote bila kusimama, kama mtu anayekimbia kwenda kuhakikisha kitu. Msusi alijua wamefika mlangoni kwa sababu viti vyote vilisogezwa mbele kwa pamoja.

"Kitu cha chuma kinavuruga kitambuzi," akasoma mama wa beseni. "Kiondoe."

Kumbe ndiyo maana yake. Msusi alisimamisha mkono. Ulisikika mlango wa chuma unafunguka, mzito. Safari hii hapakuwa na mwanga mweupe wa kuficha mambo. Waliochora upya walikuwa wamechora na ndani.

Mama wa beseni alisoma kwa sauti ndogo. "Hapa hakuna mtu. Mashine ilikuwa inajitumia mawimbi yenyewe. Safari imekamilika."

Hakuna aliyepiga makofi. Kiti kimoja kikasukumwa nyuma.

"Anakuja," akasema mteja.

"Najua."

Fundi aliingia bila kubisha. Mkononi alikuwa na sanamu ya roboti, ameibana kama spana.

"Nyumba tupu, dada."

"Nimesikia."

"Kiti kimoja na vumbi. Hakuna mkwe. Hakuna mke. Hakuna hata shemeji!" Akakiinua kile kijiroboti mbele ya uso wake. "Herufi! Nimeziandika mgongoni, nimepaka rangi ukutani mwa karakana, watu wananiomba nipunguze kwa sababu ya herufi!"

Mteja aliinama akajifanya anatafuta kiatu.

"Nilikuwa sijui Kiingereza," akasema msusi. "Hilo nakubali."

"Hilo ningelielewa. Mtoto mwenzetu tu ulikuwa. Lakini mwisho? Mwisho pia hukuelewa?"

Hapo angeweza kusema hakuelewa, na mambo yangekwisha. Lakini msusi alikuwa mtu wa maneno mengi, na watu wa maneno mengi wana neno moja ambalo huwashinda kulisema uongo.

"Mwisho niliuelewa," akasema. "Ule mstari ulikuwa mfupi. 'Hakuna mtu.' Maneno hayo yako somo la kwanza, hata mjinga anayajua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa nini?" Akageuka, kitana mkononi. "Mwezi mzima mmekaa sakafuni kumsindikiza mtu ukweni. Mmepita kwa mjomba, mmepita kwa shangazi, mnalala mnaota. Wewe mwenyewe ulikuwa na homa siku ile na ulikataa kwenda kulala. Mnafika mlangoni, mnanitazama wote. Mimi niwaambie nyumba ni tupu? Nani kati yenu angelala? Waliotengeneza wanajua kutengeneza vyombo vya angani, lakini hawajui watu. Mtu hasafiri mbali kiasi hicho akakuta kiti!"

Fundi alikishusha kile kijiroboti.

"Mimi nilivua viatu getini," akasema, safari hii polepole. "Mbele ya mtaa mzima. Nikaacha na begi la spana nje. Nikasimama juu ya kokoto peku. Kwa sababu ya kitambuzi cha chuma."

"Najua. Ndiyo maana nilificha kasha."

"Kwa hiyo ulijua nitajiona mpumbavu."

"Nilijua hutanisamehe," akasema msusi. "Upumbavu wako ni wako, mimi nilikuwa nahesabu wangu."

Mlangoni kukawa na watu tena. Jengo lile halikupitwa. Mke wa fundi alikuwa mbele, na kando yake mama yake, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kichwani kwa fundo la mtu asiyetaniwa.

"Wifi," akasema mke wa fundi, na kicheko alikuwa akikizuia kwa shida, "mama anataka kukuuliza kitu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha huyu kuacha spana getini?"

Msusi alimtazama fundi. Fundi alitazama sakafu, penye nywele za watu.

"Ndiye mimi, mama."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. "Siku ile nilikuwa nyuma ya geti nimekaa kwenye kigoda. Maneno nilikuwa nimeshayapanga tangu asubuhi, na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Lengo ni asiingie. Nikachungulia, nikamwona mtu mzima anavua viatu barabarani. Anaweka begi chini, analisogeza kando na mguu ili lisizibe njia. Nikajiambia, huyu ama amechanganyikiwa ama amelelewa. Ikabidi nifungue geti nijue ni lipi."

"Na ni lipi, mama?" akauliza fundi.

"Bado sijaamua."

Kicheko kikaanzia kwenye ngazi kikaingia hadi saluni. Mteja mwenyewe alicheka mpaka msuko mmoja ukafumuka. Fundi alijitahidi kubaki na hasira, lakini tumeshasema hasira zake hazikuwa za kulala. Alikigeuza kile kijiroboti mkononi, akazisoma herufi zake moja moja. Kisha akakiweka kwenye rafu ya kioo, kati ya chupa za mafuta ya nywele.

"Kikae hapa," akasema. "Akiuliza mtu jina lake, unalijua."

"Mama, mezani kila kitu tayari," mke wa fundi akasema. "Vinapoa."

"Basi mbona tumesimama?" Mama mkwe alikuwa ameshageuka, ameshaanza kwenda, akasimama, akamtazama msusi, akatazama mkono wake, kitana cha chuma chenye mkia mrefu bado kimeelekezwa mbele. "Wewe njoo ukae karibu na mimi, nina maswali juu ya huyo shangazi wa jiwe. Huyo mwenye robo kichwa naye aje. Lakini hicho chuma, mwanangu, kiache hapohapo mlangoni. Haya, ingieni tule."